Shangani ya Asubuhi Si Shangani ya Jioni

Wiki iliyopita dada mmoja wa Songea aliniandikia. Nimemwomba ruhusa ya kuweka ujumbe wake hapa, naye kakubali, ila jina tumeliacha. Aliandika hivi: "Shikamoo dada. Mwezi wa 6 tunakuja Mtwara, mdogo wangu anaoa Jumamosi tarehe 20. Nina watoto watatu, na mimi mwenyewe bahari nimeiona kwenye simu tu. Nasikia ufukwe wa Shangani maji yake yametulia na ni hapo hapo mjini. Twende siku gani, saa ngapi? Na mtu asiyejua kuogelea afanyeje?"

Nilikuwa kwenye cherehani, nina sare za shule za kumaliza kabla ya Ijumaa. Nikatoa mguu kwenye pedeli, nikausoma tena. Kilichonishika ni yale maneno ya katikati: siku gani, saa ngapi. Wageni wote niliowapokea miaka yote hii wameniuliza ni mbali kiasi gani, kuna chakula, kuna kivuli, watu wanavaa nini. Huyu dada ambaye hajawahi kukanyaga pwani kauliza swali ambalo mimi nilikaa Mtwara miaka 21 sijaliuliza. Na kutoliuliza huko kuliniaibisha mbele ya ukoo mzima wa mume wangu.

Namjibu hapa badala ya kumjibu pembeni, kwa sababu najua hayuko peke yake. Wewe pia unayesoma unataka siku moja uingie kwenye maji yale mpaka shingoni, utoke umetabasamu, na watoto wako wakuone.

Mimi ni mtu wa Newala. Anayeijua Newala ameshanielewa. Tuko juu, maji yako chini bondeni, na utotoni mwangu ndoo moja ya maji ilikuwa safari. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaiona nchi yote imelala chini yako kuelekea Ruvuma, inapendeza mno, lakini kichwani una ndoo tupu na jua linapanda. Mtoto aliyekulia hivyo hamwagi maji wala hachezei maji. Maji kwetu yalikuwa ya kupimwa kwa kata. Nani angenifundisha kulala juu yake?

Mwaka 2002 nikaolewa nikaja mjini. Bajaji moja tu kutoka nyumbani kwetu Chikongola unafika Shangani. Na kwa miaka 21 nilikwenda kama wanavyokwenda wengi: siku ya sikukuu, mkeka, chupa ya chai, mihogo, korosho za kukaanga kwenye karatasi, ming'oko kama ni msimu wake. Tunakaa, tunapunga upepo, tunalowesha nyayo, picha mbili tatu, tunarudi. Nilijiona mtu wa pwani. Nilipokuwa nikizungumza na ndugu wa bara nilisema "bahari yetu" kwa kujiamini kabisa.

Ndivyo nilivyomwalika wifi yangu.

Wifi anaishi Dodoma. Mwaka 2023, kuanzia mwezi wa 8, mimi nilikuwa nawasimulia kwenye kundi letu la familia habari za Shangani. Niliwaambia maji yake hayana ubishi, yametulia kama ya kwenye karai, mtoto wa miaka mitano anaingia. Niliandika "Ntwara kuchele", yaani Mtwara kumekucha, na picha za machweo. Nilitaka waje. Nilitaka, niseme ukweli, wanione. Katika ukoo ule mimi ndiye fundi cherehani kati ya wenye ofisi zao, na siku zote nimekuwa mtu wa kupokea nguo zao za zamani nizipunguze. Hiki kilikuwa kitu changu cha kuwapa.

Wakaja watu tisa pamoja na watoto. Safari ya basi kutoka Dodoma mpaka Dar, kisha Dar mpaka huku, si mchezo. Desemba 26 nikaamka saa 10 alfajiri nikapika pilau. Saa 4 asubuhi tukashuka Shangani na masufuria, mikeka na maboya ya watoto yaliyojazwa upepo tayari.

Bahari haikuwepo.

Sijui nielezeje kwa mtu ambaye hajaona. Mbele yetu kulikuwa na uwanda wa mchanga wenye maji ya kifundo cha mguu, mawe meusi ya matumbawe yametoa meno, mwani umelala, na vidimbwi vinavyong'aa. Mbali kabisa kulikuwa na mstari mwembamba wa buluu. Katikati walikuwepo kina mama wameinama na vikapu. Watoto wa wifi wakakimbia hivyo hivyo na maboya yao viunoni. Hawakufika mbali. Yule wa kati akakanyaga jiwe, akapiga yowe, damu. Nikamfunga mguu kwa mtandio wangu.

Wifi akasimama pale na miwani yake ya jua, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mikeka ya jirani: "Wifi, bahari yako imekwenda wapi? Umeikopesha?" Wakacheka. Mume wangu naye akacheka, na hilo ndilo lililoniingia. Tukala pilau haraka haraka, saa 7 mchana tukafunga mizigo. Usiku ule wifi akaweka picha ya mawe kwenye kundi, akaandika chini yake "Bahari ya wifi." Watu 31 kwenye kundi lile. Picha hiyo ninayo mpaka leo, sijaifuta.

Jioni watoto wa jirani walirudi kutoka Shangani wamelowa mpaka masikioni. Nikamuuliza mmoja, maji mmeyapata wapi? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi. "Shangazi, saa 10 yalikuwa yamejaa tele."

Tulikuwa tumeondoka wakati maji yanarudi. Yalikuwa nyuma ya migongo yetu tukipanda bajaji.

Baada ya siku mbili nikarudi peke yangu, asubuhi. Kina mama walikuwepo tena juu ya mawe. Nikamfuata mmoja mtu mzima, mkononi ana mkonjo, ile fimbo ya kuvulia pweza, kikapuni ana pweza wawili. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza yaliyonikuta. Hakucheka. Akaniuliza, "Juzi mwezi ulikuwaje?" Nikashindwa kujibu. Ulikuwa mpevu, unawaka mpaka ungeshona tundu la kifungo nje, na mimi sikuwa nimeutazama.

Akasema: "Mwezi ukiwa mzima, na mwezi ukiwa haupo kabisa, asubuhi ni yetu sisi wa pweza, jioni ni yenu mnaoogelea. Mwezi ukiwa nusu, njooni asubuhi nyie, sisi tunakaa nyumbani."

Nimeshika simu miaka mingi na hakuna mtu aliyewahi kuniambia jambo la maana kwa maneno machache namna ile. Nikarudi nyumbani nikaanza kuandika kwenye daftari la vipimo vya wateja: tarehe ya mwezi mwandamo, saa ya maji kujaa, saa ya kupwa. Niliandika kwa miezi. Na bibi yule hakukosea.

Sasa sikiliza vizuri, maana ushauri wangu wote umo hapa. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa mchana na usiku mmoja, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana. Siku hizo pwani yetu hujaa karibu saa 10 alfajiri na tena saa 10 jioni, na kupwa kabisa saa 4 asubuhi. Saa 4 asubuhi! Saa ileile ambayo familia yenye pilau inashuka ufukweni. Mwezi ukiwa nusu, tarehe 8 hivi na tarehe 22 za mwezi mwandamo, ni maji mafu: hayapandi sana, hayashuki sana, na hujaa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Basi.

Ndugu zangu Waislamu mtaipata haraka zaidi kwa Idi. Idi ndogo ni Mosi Shawali, mwezi ndio umeandama, kwa hiyo kila Idi ndogo ni bamvua, mwaka wowote ule. Ukitoka kuswali ukaenda moja kwa moja Shangani utakuta mawe. Nenda baada ya alasiri. Idi kubwa ni tarehe 10 Mfunguo Tatu, mwezi umeshapita nusu, na maji hujaa kama saa 6 mchana. Nilipoligundua hili nilikaa chini. Sikukuu ngapi nimekwenda pale, na jibu lilikuwa ndani ya sikukuu yenyewe.

Kama hufuati mwezi, uliza Feri. Mvuvi yeyote anayeshusha samaki pale atakuambia maji yanajaa saa ngapi kesho, bila kufikiri. Salimia kwanza.

Utulivu wa Shangani si maneno ya watu wa hoteli. Ng'ambo kuna Msangamkuu, nchi imejitokeza ikaikinga bandari, na mawimbi makubwa ya bahari kuu hayafiki kwa nguvu zake. Kinga hiyo ya maji ndiyo iliyowavuta Waingereza mwaka 1947 walipotafuta bandari yenye kina kwa mradi wao wa karanga wa Nachingwea. Mradi ulikufa mwaka 1951. Bandari ikabaki, mji ukabaki, na Shangani, iliyokuwa uzunguni, leo anaingia mtoto wa yeyote. Huwa nalifikiria hilo nikiwa ndani ya maji.

Wapo watakaokuambia achana na Shangani, nenda Msimbati. Msimbati nimekwenda, mchanga wake mweupe na maji yake ya kijani sijaona mfano. Ni kilomita 40 na zaidi kutoka mjini, ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo ulizia ada kabla. Ila kuna mahali pale nilipiga hatua nne tu maji yakawa kifuani. Kwa mtu anayejifunza, na mwenye watoto watatu, jibu langu ni Shangani. Chini ni mchanga, kina kinaongezeka polepole, na ukichoka mji uko nyuma yako.

Lakini kutulia si kulala. Maji ya bandari yote yanaingia na kutoka kwa mlango mmoja, na yakiwa yanatoka yana nguvu. Usiende kuogelea upande wa mlango wa bandari wala karibu na Feri, kivuko na mashua zina njia yake. Baki mbele ya ufukwe wenyewe, karibu na watu. Mimi tangu nianze sijaona pale mlinzi wa waogeleaji. Mlinzi ni wewe.

Sasa nije kwenye swali lake la pili.

Nilipojua saa za maji nilifikiri nimemaliza. Februari 2024 nikaenda siku ya maji mafu, saa 4 asubuhi, bahari imejaa kama bakuli. Nikaingia mpaka magotini. Nikasimama. Miguu ilikataa kwenda mbele, kabisa. Hapo ndipo nilipojua kwamba wifi alinicheka kwa jambo dogo, kumbe kubwa nilikuwa nimelificha mwenyewe. Miaka 21 sikuwa nimekosa maji. Nilikuwa naogopa, na maji kupwa kulinipa kisingizio kizuri.

Mwalimu wangu alikuwa binti wa jirani, darasa la 7, miaka 13. Sikumtafuta mtu mzima kwa sababu niliona haya, halafu nikaona haya zaidi kufundishwa na mtoto niliyemshonea sare ya darasa la kwanza. Nikameza. Kila siku ya mwezi nusu tulikwenda, yeye mbele mimi nyuma, nimevaa suruali ya michezo na fulana ndefu.

Siku ya kwanza alinifundisha kupuliza tu. Uso ndani ya maji, toa pumzi kwa pua, inua, vuta kwa mdomo. Nilimeza maji ya chumvi nikatapika mchangani. Siku ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Ramadhani ikaingia nikasimama. Baada ya Idi nikarudi kama sijawahi kuanza. Mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikaja. Tukaambiwa tukae mbali na pwani, barabara ya Dar ikakatika upande wa Kilwa, na mimi nikawaza moyoni kwamba labda ni ishara niache. Sikuacha. Sijui nguvu niliitoa wapi. Pengine kwenye ile picha.

Ilikuwa Juni. Maji yalikuwa ya baridi kidogo, kusi imeanza, lakini asubuhi ile upepo ulikuwa haujaamka. Binti akanishika kisogo kwa kiganja kimoja, kingine chini ya mgongo. Mimi nimejikaza kama ubao. Akasema, "Shangazi, unashindana nayo. Usishindane nayo. Yenyewe inabeba meli za korosho, itakushindwa wewe?"

Nikaacha shingo. Masikio yakazama. Dunia yote ikanyamaza, sauti za ufukweni zikakatika, na ndani ya ule ukimya nikasikia tiki-tiki-tiki ya injini ya mashua ambayo nilikuwa sijaiona. Juu yangu mbingu tupu. Nilihesabu pumzi saba. Nilipofika ya nane nikamwona binti amesimama hatua tatu kutoka kwangu, mikono yake yote miwili iko juu, anapiga makofi. Sijui aliniachia lini.

Nililia. Ndani ya bahari hakuna anayejua kama unalia, maji ni chumvi na machozi ni chumvi.

Kwa hiyo mtu asiyejua kuogelea afanyeje? Aanze na pumzi. Asianze na mikono wala miguu, asianze na boya. Apulize majini mpaka azoee, kisha alale chali huku ameshikwa kisogo, kwenye maji ya kiunoni, maji yakiwa yanajaa taratibu, siku ya mwezi nusu. Nimesema mwezi nusu mara ngapi? Nitasema tena. Siku za bamvua maji hukimbia kuingia na kutoka. Siku za maji mafu huwa mapole na hukupa muda. Ingia kama masaa mawili kabla hayajajaa, toka yakianza kugeuka.

Mengine ni madogo, nayapitisha haraka. Miguuni vaa yeboyebo zenye mkanda wa nyuma, siyo kandambili, zitakuacha. Dera na baibui vikilowa ni mzigo wa kukuzamisha. Suruali nyepesi na fulana vinasitiri na haviburuti. Ukitembea kwenye mchanga wa maji machache buruta nyayo badala ya kukanyaga, maana samaki aitwaye taa, mwenye mwiba mkiani, hupenda kulala pale na akisikia mtikisiko anaondoka mwenyewe. Ukichomwa na taa au na miiba ile mieusi ya kwenye mawe, loweka mguu kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia, kisha nenda hospitali. Usiache miiba ndani kwa sababu maumivu yamepungua. Boya la kupuliza na dumu tupu si mlinzi wa mtoto. Upepo ukigeuka kutoka nchi kavu, boya linakwenda na mtoto juu yake. Mtoto mdogo awe mahali ambapo mkono wako unamfikia bila kupiga hatua.

Mwezi uliopita kikoba chetu kiligawana hisa, na badala ya kwenda kula ukumbini nikapendekeza twende Shangani. Wanawake 14. Mimi ndiye niliyechagua siku, nikachagua Jumapili ya maji mafu, nikawaambia saa 3 kamili. Wengine walinung'unika, Jumapili saa 3 nani ameshaamka? Nikakataa kusogeza hata nusu saa. Walipofika bahari ilikuwa imekuja mpaka karibu na mikeka, imelala, haina hata kikunjo. Mmoja wetu ana miaka 58, kazaliwa Mikindani, kaishi na bahari mlangoni maisha yake yote, na hajawahi kulowesha nywele zake. Nilimshika kisogo mimi. Mkono wangu huu. Nikamwambia, "Dada, usishindane nayo." Alilala. Wenzake ufukweni wakapiga vigelegele mpaka wavulana waliokuwa wanacheza mpira wakasimama.

Nimepiga picha. Nikaiweka kwenye kundi la familia. Nikaandika chini yake maneno matatu: "Bahari ya wifi." Kaka zake wameweka mioyo na makofi. Yeye kaisoma, tiki mbili za buluu, hajasema neno. Ni wiki ya nne leo. Sitasema haumi. Nilitaka neno moja tu kutoka kwake, hata "hongera."

Na kwa kuwa nimeanza kusema, niseme na hili, hata kama wapo watakaokasirika. Sisi wanawake tunaoishi pwani tunawakosea watoto wetu. Mtoto akirudi na chumvi kwenye nyusi tunamchapa. Tunamlamba mkono kuonja kama alikwenda baharini. Tunadhani tunamkinga. Mtoto wa Mtwara ataingia baharini tu, utake usitake. Utakachoamua ni kama ataingia anajua kupuliza pumzi au hajui. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa kwa kuzama mwaka 2021, na Umoja wa Mataifa umetenga Julai 25 kila mwaka kukumbusha jambo hilo. Mtaani kwetu hatuhitaji takwimu, kila mtu anajua nyumba moja iliyoletewa habari jioni. Fimbo haikumwokoa yeyote kati yao. Mpeleke mwenyewe. Jifunze naye. Kama huwezi kuomba msaada kwa mtu mzima mwenzako, omba kwa mtoto wa jirani, meza aibu yako kama nilivyomeza mimi.

Na acheni kwenda baharini kwa ajili ya picha. Mimi nilikwenda miaka 21 kwa ajili ya picha, na picha ndiyo iliyoniumbua. Mwezi hauulizi nauli. Utazame kabla hujakata tiketi, kabla hujaomba likizo, kabla hujaalika watu.

Dada wa Songea, nimefungua daftari langu. Umesema harusi ni Jumamosi, Juni 20. Mwezi utakuwa umeandama siku chache kabla, na Jumapili usiku unafikia nusu. Jumamosi achaneni na bahari, mna kazi. Jumapili mtakuwa mmechoka na vyombo havijaoshwa. Njooni Jumatatu tarehe 22. Maji yatajaa kama saa 4 asubuhi, kwa hiyo saa 2 na nusu muwe mmeshashuka mchangani, upepo wa kusi ukiwa bado haujaamka. Asubuhi ya Juni maji yana ubaridi, wape watoto chai ya moto kwanza na mje na khanga kavu za kutosha. Msibebe maboya. Mimi nitafunga cherehani mpaka saa 6, na nitakuja na yule binti. Sasa yuko sekondari, ila Jumatatu hiyo nitamwombea ruhusa kwa mama yake na kwa mwalimu wake wa darasa. Ninyi ni wanne, sisi wawili. Watoto wawili yeye, na wewe na mdogo kabisa mtakuwa wangu.